Brender hakufukuzwa ZDF, mkataba wake haukuongezwa

Je, Nikolaus Brender alifukuzwa au alijiuzulu ZDF? Hapana, hakufukuzwa wala hakujiuzulu. Alikuwa mhariri mkuu wa televisheni ya umma ya Ujerumani, ZDF, tangu 2000, baada ya miaka mingi kwenye mashirika mengine ya utangazaji ya umma, ARD na WDR, ikiwemo ya uandishi wa habari Buenos Aires, Argentina. Mkurugenzi mkuu wa ZDF, Markus Schächter, alitaka aendelee. Novemba 2009 bodi ya utawala ikapiga kura: 7 wakakubali, 7 wakakataa. Zilihitajika kura 9 za kukubali kati ya 14, kwa hiyo akamaliza muda wake Machi 2010 na kumwachia Peter Frey.

Aliyeongoza upinzani ni Roland Koch wa CDU, chama cha kihafidhina, wakati huo waziri mkuu wa jimbo la Hessen na mjumbe wa bodi hiyohiyo. Sababu aliyotoa ni watazamaji wa habari kupungua. Wengi hawakumeza hiyo, mimi mmojawapo; tuliona ni siasa. Msimsingizie Brender kupendelea chama pia: usiku wa uchaguzi wa 2005 ni yeye aliyekuwa akimbana mubashara Gerhard Schröder, kansela wakati huo, wa SPD, chama hasimu cha CDU, naye Schröder akimfokea.

Suala halikuishia hapo. Majimbo ya Rheinland-Pfalz na Hamburg yalikwenda Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mjini Karlsruhe, na Machi 2014 ikaamua kwamba wanasiasa na watu wa serikali wasizidi theluthi moja kwenye vyombo vinavyoisimamia ZDF. Ila hukumu ilihusu muundo wa vyombo hivyo, haikumrudisha Brender kazini.