Kioo cha paa cha Prius kilivyonigharimu betri

Juzi usiku nilikuwa nakunja nguo za watoto, simu ikalia. Kaka mmoja wa Morogoro, msomaji wa siku nyingi. "Dada, kioo cha paa cha Prius yangu kimepasuka. Fundi anasema atakata plastiki ngumu aibandike na silikoni, 80,000 tu, jioni nachukua gari. Nimwache afanye?" Chini yake picha: paa wazi, viti vimejaa punje za kioo, na fundi kasimama pembeni ameshika bomba la silikoni kama mtu aliyeshika jambia.

Nilihisi tumbo linanikata. Nikamjibu neno moja, "Usithubutu." Halafu nikaona neno moja halitoshi, maana mimi mwenyewe ningejibiwa hivyo mwaka ule ningeona mtu ananionea wivu wa kuokoa hela. Acha nisimulie.

Gari langu ni Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyoingia sokoni mwaka 2009, yenye sanrufu (kioo cha paa kinachofunguka) na solar juu. Ni haibridi, yaani linatumia petroli pamoja na umeme wa betri kubwa. Nilinunua kwa hela yangu, miaka minne ya kujibana, na nalisema hili kwa sababu kwetu mwanamke akiwa na gari watu huuliza kwanza kapewa na nani. Nyumba tuliyopanga Mbezi ina mwembe dodo uani. Desemba ikifika watoto wa mtaa mzima ni wetu. Ukiwafukuza mlangoni wanarusha mawe kutokea ukutani.

Asubuhi moja nikakuta alama kwenye kioo cha juu, karibu kabisa na ukingo. Ndogo, kama punje ya dengu. Nikaipitisha kidole, ikanikwaruza kidogo. Nikasema nitaishughulikia mwisho wa mwezi.

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana, niko kwenye foleni barabara ya Bagamoyo karibu na Tegeta, jua kali, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho. PAA! Nilijua ni risasi. Bodaboda aliyekuwa pembeni yangu aliinama. Nikapapasa kichwa, sina damu, vioo vyote vya pembeni vizima. Nikaangalia juu: lile pazia la kuzuia jua lilikuwa limefungwa, limebonyea katikati kama hamaka. Mtu mwenye akili angeliacha lilivyo. Mimi nikalifungua nione kuna nini.

Kilo kadhaa za punje zikanimwagikia kichwani. Usiku wa siku ile nilikuwa bado natoa vioo kwenye nywele.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, kikipigwa jiwe kinachora utando wa buibui na kinabaki hapo hapo. Kioo cha sanrufu kwenye magari mengi ni kipande kimoja kilichochomwa kikapozwa ghafla kiwandani ili kiwe kigumu. Ni kigumu kweli, lakini ndani kimejikaza kama kamba iliyovutwa, na ukingo ndio udhaifu wake. Kikishapata jeraha pale, joto la juu na baridi ya kiyoyozi chini vinamalizia kazi, na kikikatika hakichagui, kinakwenda chote. Ile gundi ya kuzibia nyufa za kioo cha mbele hapa haina kazi. Ile dengu yangu ilikuwa ni taarifa, nami nikaipa tarehe ya mshahara.

Bima yangu ilikuwa ndogo, hivyo hakuna wa kunilipia. Mume wangu alikuwa safarini Dodoma, angerudi Ijumaa. Nikiri hapa: nilitaka akute gari limeshapona. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshatangaza kwenye grupu la familia kwamba haibridi ni magari ya kuchezea na kwamba nitakuja kumwita. Sikutaka kumwita. Haraka yangu yote ilitoka hapo, mfukoni hela ilikuwepo.

Nikampata fundi vioo, ana banda lake, anaheshimika. Akatazama sekunde tatu. "Dada yangu, hii kazi ndogo sana. Kioo chake orijino utatafuta mpaka uzeeke. Nakukatia plastiki ngumu, napiga silikoni, maji hayaingii milele." Akaniuliza kama ile solar ya nyuma ndiyo inayochaji betri. Nikasema ndiyo, kwa kujiamini kabisa. Sote wawili tulikuwa hatujui. Ile solar inaendesha feni ya kupunguza joto gari likiwa limepaki juani, basi, betri kubwa haijui hata kama ipo.

Akapaka silikoni nyeusi pande zote, nje na ndani, bila uchoyo. Gari zima likanuka siki. Nikalipa 70,000, nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia. Kaka akaweka kidole gumba kimoja.

Januari na Februari hakuna cha kusimulia.

Masika yalipoanza nikaanza kusikia harufu, kama soksi zilizosahaulika kwenye begi la shule. Nikalaumu watoto. Kitambaa cha paa kwa ndani, upande wa nyuma, kikapata doa la rangi ya chai. Nikaweka kipuliza manukato. Naomba mtu asicheke.

Kisha ikaja Aprili, asubuhi ya mvua iliyokesha. Nabonyeza kuwasha: dashibodi giza. Betri ndogo, ile ya kawaida kama ya gari lolote, imekufa, na kwenye Prius hii betri ndogo iko nyuma kwenye kona ya buti, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme wa betri hiyo hiyo. Nikapanda viti vya nyuma na sketi ya kazini, nikatambaa mpaka kwenye buti kutafuta kile kishikio cha kufungulia kwa mkono, jirani ananitazama kupitia kioo na mswaki mdomoni. Nilipogusa zulia la buti, mkono ulizama kwenye maji.

Tukaazima umeme kwa jirani. Dashibodi ikawaka, na pamoja nayo pembetatu nyekundu. Gari halikukubali kwenda.

Fundi umeme niliyeelekezwa, kijana wa Sinza, alipima kwa kompyuta akapata msimbo wa hitilafu, P0AA6. Akanieleza kwa lugha ya binadamu: umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi. Betri ile ina vipande 28 na volti 201.6, siyo kitu cha kugusa na bisibisi ya nyumbani. Halafu badala ya kwenda kwenye betri, akapanda juu ya gari. Nilishangaa. Akang'oa ile plastiki kwa mkono, maana kwa jua la miezi mitatu ilikuwa imevimba na kunywea mpaka imeachana na silikoni upande mmoja. Akachukua kikombe cha chai, akamimina maji kwenye kona ya nyuma ya fremu. Maji yakakaa. Tukayatazama, yametulia kama kwenye sahani.

"Dada, unaona? Hayaendi."

Akachukua koleo nyembamba, akachokonoa, akavuta. Kikatoka kitu kirefu cheusi, kama mnyoo, urefu wa kidole. Silikoni. Na punje mbili za kioo zimeng'ang'ania humo.

Hapa ndipo naomba uweke simu nyingine pembeni unisikilize. Kioo cha sanrufu hakikutengenezwa kuzuia maji yote. Mpira wake unapunguza tu. Maji yanayopita, na yanapita hata gari likiwa jipya, yanaangukia kwenye mfereji unaozunguka fremu, na kila kona ya mfereji ina tundu lenye bomba jembamba la mpira linaloteremka ndani ya nguzo za gari mpaka nje chini. Mipira minne. Kazi ya kukausha gari inafanywa na hiyo. Fundi vioo wangu alilinda kioo akaua mipira. Maji yakakosa njia, yakafurika kwenye kitambaa, yakashuka nguzo ya nyuma, yakapitia betri ndogo, yakaenda kulala kwenye betri kubwa.

Kwenye gari la kawaida ungepata ukungu na harufu. Kwenye haibridi yenye betri nyuma unapata nilichopata mimi. Zile bamba za shaba zinazounganisha vipande zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Vipande vitatu vilikufa. Feni inayopoza betri, ile inayovuta hewa kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma, ilikuwa na punje 11 za kioo ndani. Nilizihesabu mwenyewe, nimeziweka kwenye kikopo mpaka leo. Jumla 1,350,000. Kwa kuokoa kioo.

Nilimpigia fundi vioo. Akaniambia, "Dada, mimi ni fundi vioo, mambo ya betri siyafahamu." Baada ya hapo hakupokea simu yangu tena. Kinachoniuma ni kwamba hakusema uongo. Sikumwambia gari lina betri nyuma, na yeye hakuuliza.

Sasa ile ya kioo orijino kutopatikana. Nilishuka Gerezani, Kariakoo, siku mbili. Duka la kwanza wakanipa kioo wakisema Toyota zote zinaingiliana. Hazijaingiliana, kilipungua vidole viwili, na kukirudisha wakakata 20,000 "ya usumbufu". Duka la pili nilikwenda na namba ya chesisi, ile inayoanza na ZVW30, na picha ya fremu pamoja na futi ya fundi cherehani juu yake. Muuzaji akacheka, akaingia nyuma, akarudi na kioo kilichovishwa blanketi. Kimetoka kwenye paa lililokatwa, kimepitia Sharjah. 380,000, mpira wake umo. Nilikipitisha kucha ukingo mzima kabla sijatoa hela, nikitafuta dengu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa moja na nusu, na ndiyo inayotia uchungu. Kioo kinashikwa na skrubu tu! Hakigundishwi popote. Kijana wa Sinza alizima gari, akaweka funguo mbali, akachomoa hasi ya betri ndogo, kisha akakaa kimya. Nikamuuliza anasubiri nini. Sekunde 90 zipite, mifuko ya hewa ya pembeni iko hapo hapo juu ya milango, hataki imfungukie usoni. Nikampenda hapo. Akafyonza punje zote kwa mashine, akakataa katakata kupuliza kwa kompresa, maana ukipuliza unazipeleka kwenye mipira na kwenye feni ya betri. Akakaza skrubu nusu, akapitisha kadi yangu ya benki kwenye ukingo, mbele kioo kishuke kidogo sana chini ya paa, nyuma kiinuke kidogo sana, ili upepo usipige filimbi. Akarudia mara nne. Mwisho akarudisha betri na kushikilia swichi ya kufunga bila kuiachia, kioo kikafunga, kikafunguka, kikasimama kama sekunde kumi nikajua kimekwama, kumbe kinajifunza mipaka yake, kikafunga tena chenyewe.

Wanawake wenzangu, simameni hapo hapo gereji. Ulizeni. Fundi akikuita "dada yangu" mara tatu kwa dakika moja, hesabu hela yako. Na wanaume, ninyi mnaona aibu kuuliza, hilo ni kubwa zaidi. Tumekuwa watu wa jioni nachukua gari. Tunanunua teknolojia ya Japani halafu tunaitibu kwa gundi ya dirisha la choo. Mimina kikombe cha maji kila kona, angalia chini yanatokea wapi. Kabla ya kufunga kioo, mimina. Baada ya kufunga, mimina. Kabla ya masika, mimina. Nimeshasema mimina? Na nunua kwa namba ya chesisi. Na mimina.

Kaka yangu, yule wa grupu, mwaka jana kanunua haibridi. Sijasema neno. Nilimtumia tu namba ya kijana wa Sinza.

Yule wa Morogoro nilimwandikia haya yote kwa kifupi, nikamwambia atafute kikombe. Leo asubuhi kanitumia video nne. Kona mbili za mbele maji yanatoka vizuri nyuma ya matairi. Nyuma kushoto yanadondoka polepole. Nyuma kulia, kikombe kizima, hakuna tone. "Dada, na mawingu yameanza." Nimemwambia afunike paa kwa turubai, achomoe betri ndogo baada ya kufungua buti na siyo kabla, na asilipeleke popote mpaka mpira ule uzibuliwe. Kaniuliza alipaki wapi kwa sasa, uani kwake kuna kivuli kizuri.

Nikamuuliza, cha mti gani?