Jibu: Kompyuta binafsi ya kwanza ni Apple?

Mkuu, umeuliza kama Apple ndiyo kompyuta binafsi ya kwanza kuuzwa. Hapana, ilikuta wenzake. Kompyuta iitwayo Altair 8800 ilitoka kwenye jalada la jarida la Popular Electronics, Januari 1975, na wengi waliinunua vipande vipande wakaiunganisha wenyewe nyumbani. Haikuwa na kioo wala kibodi: unapandisha na kushusha swichi za mbele, moja moja, kisha jibu unalisoma kwenye vitaa vyekundu. Ukikosea swichi moja, imekula kwako. Kumbukumbu yake ya mwanzo baiti 256 (baiti moja ni kama herufi moja), hata jibu langu hili halienei humo! Apple I ilikuja 1976, nayo bodi tupu ya saketi, kasha utafute mwenyewe. Unayoifikiria wewe nadhani ni Apple II, ya 1977.