Kisu Nilichokificha Ndani ya Mchele

Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na wiki sita, nilikificha kisu cha jikoni chini kabisa ya ndoo ya mchele, kwa sababu kila nilipokishika nilijiwa na picha yangu mwenyewe nikimchoma. Sikumchukia mwanangu; nilimpenda kiasi cha kukosa usingizi, na ndiyo maana picha ile ilinitisha. Kwa miezi minne sikumwambia mtu, nikihofia kunyang'anywa mtoto.

Maradhi yangu yanaitwa OCD: fikra zisizotakiwa zinazojirudia, na vitendo vya kurudiarudia vya kuzituliza. Wengi wakisikia habari zake humfikiria mtu anayenawa mikono kutwa. Pwani tunamjua pia yule anayerudia udhu hadi wenzake wanatoa salamu, na wazee husema ana wasiwasi. Lakini zipo sura zisizosemwa: hofu ya kumdhuru umpendaye, maneno ya kufuru yanayomjia mcha Mungu katikati ya sala, fikra za zinaa zinazomchukiza mwenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya wasiwasi kama maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba, kwa hiyo jambo hili si geni wala si la juzi.

Nilichelewa kutibiwa kwa kuwa nilidhani sina vitendo vya kujirudia. Kumbe nilikuwa navyo: kuficha kisu, kupitia kichwani kila nilichofanya mchana ili nihakikishe kwamba sikumdhuru, na kumuuliza mama, "Hivi mama, mimi ni mtu mbaya?" Alinijibu, "Hasha, mwanangu," nami nikatulia kwa robo saa, kisha nikauliza tena. Faraja ile ndiyo iliyokuwa ikiuchochea moto.

Daktari wa afya ya akili aliniuliza kwanza kama nasikia sauti, na kama naziona fikra zile kuwa amri ya kutekelezwa. Mzazi ambaye jibu lake ni ndiyo huenda ana hali nyingine, ya dharura, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Mimi fikra zangu zilinitia kinyaa. Akanieleza kwamba utafiti wa wanasaikolojia Rachman na de Silva, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kuwa hata watu wasio wagonjwa hujiwa na fikra kama hizi, ila huziacha zipite.

Tiba yenyewe inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyoichapisha mwaka 1966 akiwa London: kukabili kinachotisha bila kufanya kile kinachotuliza. Tulianza kwa kukiweka kisu mezani. Wiki kadhaa baadaye nilikata vitunguu mtoto akiwa amelala mkekani, hatua tatu kutoka nilipokaa. Mikono ilitetemeka, hofu ikapanda, kisha ikashuka yenyewe pasipo kumuuliza mama chochote. Naye alifundishwa kunijibu, "Hilo ni swali la maradhi, mwanangu, silijibu," na najua lilimuuma kuliko lilivyoniuma mimi. Nawasihi jamaa za mgonjwa wajifunze jibu hilo.

Nilipewa pia dawa iitwayo sertraline, ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa mama anayenyonyesha. Dawa za aina hii huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kupimwa kama zinafaa, basi usiziache wiki ya pili kwa kuona hazifanyi kazi.

Fikra bado huja, hasa nikichoka. Jana ilinijia nikimenya embe, mwanangu akinivuta kanga kudai kipande. Nikaendelea kumenya, nikampa.