Mtoto anatema mboga za majani? Kagua chungu kwanza

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anamaliza ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki bila ubishi, lakini ukimtia kisamvu mdomoni anakisukuma nje kwa ulimi. Wengi humwita mjeuri. Mara nyingi tatizo ni kwamba hawezi kukitafuna. Magego ya kwanza huota kati ya miezi 13 na 19, na yale ya nyuma yake hufuata kuanzia kama miezi 23 hadi 33. Kabla ya hapo ana meno ya kukatia, ya kusagia bado. Jani lenye nyuzi linazunguka mdomoni, linanata kwenye kaakaa, likifika kooni anapaliwa au anatapika. Siku ya pili akiona kijani tu anageuza uso.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kuchambua. Mchicha utoe mabua yote, ubaki na majani, kisha uyakate membamba sana kukingama mishipa. Majani ya maboga vunja kikonyo na uvute nyuzi zote mpaka kwenye jani. Hii ndiyo sehemu wapishi wenye haraka huiruka. Majani ya kunde chukua ncha changa pekee, yaliyokomaa waachie wakubwa.

Kisamvu kinahitaji subira zaidi. Chuma majani machanga ya juu, yatwange kwenye kinu mpaka ukifikicha kati ya vidole usisikie kipande. Chemsha kwa maji mengi, chungu kikiwa wazi, dakika 45 hadi saa nzima. Majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sianidi: kutwanga kunaifungua kutoka kwenye jani, na mvuke unaondoka nayo, ndiyo maana hakifunikwi wala hakipikwi nusunusu. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaua vitamini C na kuacha ladha ya sabuni ambayo mtoto huitambua kabla yako.

Kikishaiva, kiunge. Kwa chungu cha watu wanne hivi, kikombe kimoja cha tui zito na vijiko vitatu vya chakula vya korosho zilizobanguliwa, zikakaangwa na kutwangwa ziwe unga. Nunua vipande, bei yake ni nafuu kuliko korosho nzima na chunguni hakuna atakayejua. Tui litie mwishoni, moto mdogo, ukikoroga mfululizo lisikatike. Mafuta ya nazi na korosho yanapunguza makali ya jani, na bila mafuta mwili wa mtoto haufaidi vizuri vitamini A iliyomo. Korosho au karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, hata msimu wa korosho zikiwa zimejaa nyumbani. Zinaweza kuziba njia ya hewa.

Uchungu ni suala jingine. Mchunga na nyanya chungu si mboga za kuanzia. Anza na boga au viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopondwa, vijiko vitatu, uchanganye kijiko kimoja cha mchicha laini. Akizoea, fanya viwili kwa viwili, kisha geuza hesabu. Kijani kionekane. Kuficha mboga ndani ya uji kunamlisha leo lakini hakumzoeshi chochote, na siku akigundua, uji nao unaingia kwenye kesi.

Kiasi ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: karibu kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, katika mlo mmoja. Kirundo kikubwa kinamtisha. Mboga ileile inaweza kuhitaji kuletwa mara 8 hadi 15 kabla hajaikubali, na kugusa au kulamba tu nako kunahesabika. Wengi huacha mara ya tatu au ya nne, wakatangaza kwamba mtoto huyu hali mchicha.

Halafu kuna tumbo. Biskuti saa tano, chai saa sita, na saa saba unamtaka ale matembele? Acha muda wa kama saa mbili bila kitu zaidi ya maji kabla ya mlo, na mboga itangulie kufika akiwa na njaa. Bibi, shangazi na dada wa kazi wakubaliane, maana pipi moja ya mlangoni inaharibu mpango wa nyumba nzima. Chai ya rangi iondoe kabisa karibu na chakula; inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Ndimu kidogo, embe au juisi ya bibo (tunda la mkorosho) inasaidia chuma hicho kuingia mwilini. Juisi ya bibo iwe ya siku hiyohiyo, kwani iliyolala imeshaanza safari ya kuwa pombe.

Kubana pua ili ameze ni hatari, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Ahadi ya pipi nayo inamfundisha kwamba mboga ni adhabu. Mkalishe penye sinia na wenzake, sahani yake iwe pembeni ili ujue amekula kiasi gani, mle mboga ileile, na baada ya dakika 20 hivi ondoa chombo bila maneno.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba au Desemba, mchicha unaadimika, hasa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, ambako maji ni shida. Majani ya kunde yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yakaushe kivulini (jua kali linaharibu vitamini A), yatwange na kuchekecha. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kipikwe ndani ya mbaazi za nazi zilizopondwa.

Akikataa vyakula vyote, akikohoa kila anapomeza, akiwa na vidonda mdomoni au viganja vyeupe, au uzito kwenye kadi ya kliniki ukisimama, mpeleke kituo cha afya. Uulizie pia matone ya vitamini A ya kila miezi sita na, kama ametimiza mwaka, dawa ya minyoo.