Usipoze chumba, poza sufuria: maswali ya wasomaji kuhusu hamira na joto

Swali: Asalaam aleikum. Nakaa fleti ya Michenzani, ghorofa ya juu, na jua la alasiri linapiga ukuta wa jiko langu. Nauza mikate ya kumimina ya futari. Kazini natoka saa tano, kwa hiyo mchele nausaga saa sita mchana na kuchoma saa kumi. Wakati wa kusi nilikuwa sipati tabu. Tangu kaskazi ianze, ikifika saa saba na nusu rojo limeshafura na kumwagika, na mkate unazama kati na una uchachu. Nimejaribu kulitia kwenye friji, likaniganda mabonge. AC sina. Nifanyeje? *(Muuza mikate, Michenzani)*

Jibu: Waaleikumu salaam, dada. Chumba kiache kama kilivyo. Kinachotaka kupozwa ni sufuria moja ya lita tatu, na hiyo inawezekana kwa chupa za maji zilizogandishwa.

Kwanza ujue kwa nini mkate unazama. Unga wa ngano una utando unaovutika, ndiyo maana andazi likifura kupita kiasi unaweza kulikanda tena likaumuka upya. Mchele hauna utando huo. Mapovu ya rojo lako yanashikwa na uzito wa wanga tu, pamoja na ute wa yai kama unautia. Yakishakua hadi kupasuka, hayarudi. Rojo lililopitiliza halina dawa, na kuongeza hamira wakati huo ni kuzidisha uchachu.

Sasa joto. Kwa makadirio ya jikoni, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya hamira iende kasi karibu mara mbili. Rojo linalokupa saa nne kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 35 litakupa kama saa mbili, au chini ya hapo. Na huenda linaanzia juu ya hapo, kwa sababu brenda inapasha moto: ukisaga mfululizo kwa dakika tano na tui la vuguvugu, rojo linaweza kutoka na nyuzi 36 au zaidi, hata kama jikoni ni 32. Wengi wanalaumu hewa na kuisahau brenda.

Kwa hiyo anza hapo. Mchele nusu kilo uloweke usiku ndani ya friji, si juu ya meza. Maji ya kulowekea yakikaa nje usiku wa kaskazi huanza kuchacha yenyewe, na uchachu huo unauhamishia kwenye mkate. Saga kwa vipindi vya dakika moja, upumzishe. Sehemu ya maji ya tui la pili igandishe iwe vipande vya barafu, uisage pamoja na mchele. Kwa kila kilo ya rojo, gramu 60 hadi 80 za barafu zinashusha joto kama nyuzi 8. Barafu hiyo uihesabu ndani ya kipimo chako cha maji, usiiongeze juu yake, la sivyo rojo litakuwa jepesi na mchele utazama chini ya sufuria.

Lengo ni rojo kuanza na nyuzi 26 na kubaki 25 au 26. Usishuke chini ya 24, na hapo ndipo friji ilipokuponza: mafuta ya nazi huganda karibu na nyuzi 24. Mabonge uliyoyaona ni mafuta ya tui yaliyojitenga, wala mchele haukuharibika. Likikufika tena, litoe nje, likishapata vuguvugu likoroge taratibu. Lakini mkate wake hautakuwa laini kama kawaida.

Kulishikilia kwenye 25 kwa saa nne, tafuta deli, lile sanduku la plastiki nene la kuwekea samaki na barafu. La lita 25 linatosha. Weka sufuria ndani, kisha mimina maji ya bomba pembeni yake hadi yafike usawa wa rojo, kiasi cha lita 8. Sufuria isielee, ikielea, iwekee kitu kizito juu ya kifuniko. Halafu tumbukiza majini chupa moja ya nusu lita iliyoganda. Chupa hiyo peke yake inashusha maji na rojo kama nyuzi 5, yaani kutoka 30 hadi 25. Funika deli. Baada ya saa moja na nusu pima. Likifika 27, tia chupa ya pili, uitoe likirudi 25. Chupa tatu zinamaliza mchana wote, na usiku zinarudi kwenye friza. Usizijaze hadi mdomoni, acha sehemu moja ya kumi, kwa sababu maji yakiganda huongezeka.

Tusisitize maji. Wengine huweka chupa za barafu kavukavu ndani ya deli wakifikiri hewa baridi itatosha. Hewa haibebi baridi nyingi. Utakuta upande uliogusa chupa umeganda mafuta na katikati kunafuka moto, maana hamira nayo inatoa joto inapofanya kazi, na rojo zito halilitoi upesi. Maji yanaizunguka sufuria yote sawasawa.

Hamira nayo punguza. Kama kwa nusu kilo ya mchele unatia kijiko kidogo kimoja, kiasi cha gramu 3, kwa saa nne anzia na robo yake. Siku mbili za kwanza andika: joto la kuanzia, saa, na kimo cha rojo. Bandika kipande cha utepe nje ya chombo cha kioo ulichotilia vijiko vichache vya rojo hilohilo, ukizamishe ndani ya maji ya deli. Hicho ndicho kitakachokuonesha limepanda kiasi gani bila kufunua sufuria kila mara. Likikaribia kujaa mara mbili na juu kuna matundu madogo mengi, choma. Ukiona matundu makubwa yanapasuka na ukingo umeanza kushuka, umechelewa.

Kipimajoto ununue cha jikoni, chenye mwiba wa kuchomeka ndani ya rojo. Cha homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35 na hutaona chochote chini yake.

Utasikia ushauri wa kuweka sufuria ndani ya beseni na kuifunika kanga mbichi. Bara kwenye hewa kavu inasaidia sana. Kwetu hewa imejaa unyevu: jikoni kukiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, kanga mbichi haiwezi kushusha chini ya 27 hivi, hata ukiwasha feni. Usiku, unyevu ukizidi, haifanyi karibu chochote. Itumie umeme ukikatika na chupa zimeyeyuka.

Deli lenyewe liweke sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri na mbali na mgongo wa friji, ambao unatema joto saa zote.

Swali: Natengeneza mtindi kwa kutumia yoghati ya dukani kama mbegu. Miezi ya kipupwe huku kwetu haugandi, unabaki maziwa yenye harufu. *(Wete)*

Jibu: Bakteria wa yoghati wanataka nyuzi 42 au 43, na usiku wa kipupwe chumba kinashuka hadi 22 hivi. Deli lilelile, kazi kinyume. Chemsha maziwa, yashikilie kwenye nyuzi 85 kwa dakika 20 ili yagande mazito, kisha yapoze hadi 43. Tia vijiko viwili vikubwa vya mbegu kwa lita. Ukitia mbegu maziwa yakiwa juu ya 50 umeiua, na hilo ndilo kosa linalotokea zaidi. Weka vyombo ndani ya deli pamoja na chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya nyuzi 60, jaza nafasi kwa taulo, funga, usifungue kwa saa tano. Usitikise.

Mbegu ya mtindi wa kienyeji ni habari nyingine. Hiyo inafanya kazi kwenye joto la chumba, na kwa kipupwe mpe saa 18 hadi 24.

Swali: Chupa zangu za tangawizi ya hamira zimepasuka mbili ndani ya kabati. Nakaa chumba kimoja Mji Mkongwe, na watoto wanalala humohumo. *(Shangani)*

Jibu: Acha chupa za kioo leo hii. Kila gramu 4 za sukari kwa lita zinazoliwa na hamira zinatoa gesi yenye ujazo sawa na wa kinywaji chenyewe. Soda ya dukani ina gesi kama mara tatu na nusu hadi nne ya ujazo wake. Ukitia gramu 100 kwa lita, gesi inayoweza kutoka ni karibu mara 25, na hakuna chupa ya kuizuia. Tumia chupa za plastiki za soda, ziweke ndani ya ndoo yenye kifuniko, na uziminye kila baada ya saa tatu. Kwa kaskazi zinaweza kuwa ngumu kama jiwe ndani ya saa 12. Zikiwa ngumu, friji mara moja, na uzinywe ndani ya siku mbili au tatu. Friji inapunguza kasi ya hamira, haiiui.

Jambo jingine uliloliacha, lakini tuliseme: pamoja na gesi hamira hutoa kilevi, karibu gramu kwa gramu. Tangawizi yenye gesi kama ya soda inakuwa na kilevi cha kama asilimia moja, na ikiachwa nje kinaendelea kupanda. Kama kwenu hilo halikubaliki, chemsha tangawizi na sukari iwe shira, ipoze, na uchanganye na maji ya soda wakati wa kunywa.