Maswali Yenu: Nchi ambayo wilaya ndo klabu

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi vijana wa mwaloni hapa Nansio, Ukerewe, tumebishana mpaka basi. Jamaa mmoja anasema kuna nchi ya visiwa timu za wilaya zinacheza kombe kila mwaka na watu wanalipenda kuliko ligi, wengine tukasema hiyo kamba, timu ya wilaya nani anahangaika nayo? Tumalizie huu ubishi. Na kama ni kweli mbona huku kila tukijaribu tunaishia kwenye kelele za mamluki?

JIBU: Marahaba vijana. Jamaa yenu yuko sahihi, mnunulieni soda. Nchi yenyewe ni Fiji, iko huko Pasifiki, visiwa zaidi ya 300, na hilo kombe la wilaya lilianza 1938, mwaka uleule chama chao cha mpira kilipoundwa, bingwa wa kwanza akawa Rewa. Ligi ya taifa imekuja 1977, yaani imekuta kombe lina karibu miaka 40 na mababu wameshachagua timu zao kitambo.

Sasa huku kwetu timu ya wilaya ni ya kuokoteza, mashindano yakibaki siku chache huyu anatolewa Kirumba, yule Buswelu, kocha hata majina hajayashika, halafu hakosekani mmoja aliyekuja na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake. Fiji sivyo. Ba, Lautoka, Suva, Nadi, Labasa, kila wilaya ina chama chake, chama ndo chenye timu, na timu hiyohiyo ndo inacheza ligi. Yaani chukulia hakuna Simba wala Yanga, Ilemela yenyewe ndo klabu, Ukerewe nayo klabu, mwaka mzima. Mchezaji akitaka kuhama wilaya anahama kwa uhamisho kama klabu nyingine yoyote, kwahiyo ile ya klabu kugoma kumwachia mtu haipo, na mamluki anakosa pa kujifichia. Mimi naona hapo ndo tunapofeli sisi, sio hela tu.

Halafu kuna miwa. Waingereza walileta vibarua kutoka India kuanzia 1879 hadi 1916 kulima miwa, na wajukuu zao ndo walioanzisha huo mpira wa wilaya, baadae ukawa wa wote. Angalia Ba, Lautoka na Labasa, zote ni miji ya viwanda vya sukari. Ba, wale wa jezi nyeusi, ndo wamebeba kombe mara nyingi kuliko wote, zaidi ya 20. Labasa wako kisiwa kingine, wao mechi nyingi ni kuvuka maji kwanza, hapo nyie wa Nansio hamhitaji maelezo.

SWALI: Kaka, kama wanapenda mpira kiasi hicho mbona Kombe la Dunia hatuwaoni? Msomaji, Igoma.

JIBU: Kwanza raga ndo mfalme kule. Olimpiki ya Rio 2016 raga ya wachezaji saba iliwapa dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya nchi, wakati huohuo timu ya mpira inapigwa 8 na Korea Kusini na 10 na Ujerumani! Walipata goli moja tu, dhidi ya Mexico, akafunga Roy Krishna, mtoto wa Labasa huyohuyo. Pili njia yao inapita kwa New Zealand, na Machi 2025 walikula 7-0 kwenye nusu fainali ya kufuzu. Ila usiwadharau, 1988 waliifunga Australia 1-0 pale Nadi.

Kombe la wilaya huwa linapigwa mara nyingi Oktoba. Wametutangulia masaa 9, mechi ya saa 9 alasiri kwao huku ni saa 12 asubuhi, so chaji simu usiku, na bando uweke kabisa.