TUULIZANE: Ndumilakuwili Alichorwa na Nani?

SWALI: Kamwene anko. Niko Kihesa, Iringa. Miaka ya 90 nilikuwa dogo, kinyozi wetu alikuwa na rundo la Sani, yale magazeti ya katuni, kwenye benchi, basi tunaenda kunyolewa hata nywele hazijaota ilimradi tusome Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Juzi nimebishana na bro, yeye anasema mchoraji ni marehemu Philip Ndunguru na alifariki kabla hata mi sijajua kusoma. Sasa zile za kwa kinyozi alichora nani, mzimu?

JIBU: Kamwene mwanangu. Bro kashinda, mnunulie soda. Ndunguru kazaliwa 1962 kafariki 1986, yaani hata 25 hakufika, na ndo huyo aliyewaleta kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, we fikiria mwenyewe kijana wa umri huo. Alipoondoka Sani haikuwazika naye, wachoraji wengine wakashika kalamu wakaendelea, na sisi wasomaji tuseme ukweli, nani alikuwa anaangalia jina la mchoraji? Ukishika gazeti unakimbilia ukurasa wa Ndumilakuwili, mengine baadaye. (Jina Sani nalo ni la watu, SA ya Saidi Bawji na NI ya Nico ye Mbajo.) Kwa hiyo kama zilichapwa miaka ya 90 huo ni mkono wa wengine. Ila vinyozi nawajua, gazeti linakaa pale mpaka linakuwa tambara, so inawezekana kabisa mojawapo lilikuwa la kabla ya 86 na ulilisoma bila kujua.

SWALI: Shikamoo. Marehemu baba alikuwa analetewa Sani na kondakta wa basi, kaacha boksi zima la machakubanga, liko darini juu ya jiko hapa Njombe. Karatasi zimekuwa za njano, zinakatika. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, pole na baba. Umesema machakubanga nimecheka, maana Chakubanga alikuwa wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, akawa maarufu mpaka wazee wakaita kila katuni chakubanga.

Kwanza shusha hilo boksi leo hii, moshi na joto la jiko ndo vinamaliza karatasi. Karatasi ya gazeti ina asidi yake yenyewe, itakuwa njano tu, wewe unapunguza mwendo. Weka kwenye tranka, yalale usiyasimamishe, tranka likae juu ya matofali maana baridi ya Njombe na unyevu wa sakafuni unaujua, na jua lisiyafikie. Palipochanika usibandike selotepu jamani, gundi yake inageuka kahawia inakula mchoro. Piga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Halafu tafuta Sani za kabla ya 86, enzi za Ndunguru mwenyewe, hizo weka chini kabisa na asije jirani akaazima, hazirudi.